Mwaka Neema Aliofunika Mdomo

Simu ilinikuta kazini, kwenye chumba cha nyuma cha kituo chetu cha afya, tunapoweka sabuni na maboksi ya glavu. Kabla jirani kutoka kijiji cha Nyantende hajamaliza kusema kwamba Maman Nabintu ametuacha, nilikuwa nimeshauliza, "Ni kifua?" Akajibu, "Hapana, maman. Ni uzee tu. Alikunywa chai, akasema iko na usingizi, akalala." Nilikaa juu ya boksi moja nikashukuru, kisha nikalia, kisha nikashukuru tena, mpaka msichana wa maabara akaingia kuchukua sabuni akanikuta hivyo na kurudi nyuma polepole. Sijui watu wengine huuliza nini wanapopigiwa simu ya msiba. Pengine huuliza saa, au huuliza nani alikuwa karibu. Mimi nimeuliza kifua tangu ujana wangu, tangu ule mwaka nilioishi katika nyumba ya Maman Nabintu na mumewe, Muzee Bisimwa, juu kabisa ya mlima wa Kadutu, mjini, na kila ninapojibiwa kwamba siyo kifua, ninajisikia kama mtu aliyesamehewa adhabu ya mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeanza shule ya uuguzi, na hao wazee wawili walikubali nikae kwao kwa sababu nyumba ilikuwa imebaki kimya baada ya binti yao, Zawadi, kumfuata mumewe kwenye dhahabu ya Kamituga. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, mahali ambapo njia inaacha kuwa njia na kugeuka ngazi za udongo, na nyumba zimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya jirani wa chini humwambia pole bila kutoka kitandani. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kula, cha kupokea wageni, na cha mimi kulala. Cha nyuma kilikuwa kitanda. Sisemi kilikuwa na kitanda, kilikuwa kitanda. Muzee Bisimwa alikuwa fundi wa mbao, na alipopata nguvu zake za mwisho za kazi alijenga kitanda humo ndani kutoka ukuta hadi ukuta, na kisingeweza kutoka tena bila nyumba kubomolewa. "Nilikitengenezea bajukuu," aliniambia siku ya kwanza, akigonga ubao kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. "Batakuya tu. Kamituga haiko mahali pa kulelea batoto."

Wakaja kweli, mwanzoni mwa mvua. Zawadi aliwaleta mwenyewe, ana mimba ya tatu inayoanza kuonekana, wamepanda nyuma ya lori siku ambazo barabara iliamua wapande na kushuka siku ilizoamua washuke. Neema alikuwa karibu kuanza shule, msichana mwenye macho makubwa na maswali mengi kuliko meno. Mdogo wake, Akonkwa, alikuwa bado anasema maneno nusu nusu. Wote wawili walikuwa na matope mpaka nyusi, na wote wawili walikuwa na kamasi. Naikumbuka vizuri hiyo kamasi, ingawa siku ile hakuna aliyeiona kuwa kitu. Mtoto gani wa mlima wetu hakuwa na kamasi wakati wa mvua? Maman Nabintu aliwafuta kwa pembe ya kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, akawapandisha kitandani wakauke, na Zawadi akarudi Kamituga asubuhi iliyofuata, kwa sababu mume hawezi kuachwa peke yake mahali pa dhahabu.

Nikitaka kukumbuka furaha ya nyumba ile, nakumbuka jioni za kwanza. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu ya mvua, na moshi wake ulichagua kuja ndani. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mhogo, na siku nzuri sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika kama majani makavu. Muzee alikuwa na meno machache. Neema alijipa kazi ya kumvunjia samaki vichwa, akivionja kwanza yeye mwenyewe kuhakikisha hakuna mwiba, kisha akivitia kinywani mwa babu yake kwa vidole vyake. Muzee naye alikuwa akipoza uji wa Akonkwa kwa kuupuliza na kuuonja kwa kijiko hicho hicho. Mimi nilikaa pembeni na madaftari yangu ya shule, nikiwasikia kupitia mbao wanapolala, wakiongea juu ya miti, Neema akimwita babu yake koko. "Koko, na huu ubao ni wa nini?" "Huo ni libuyu." "Na huu?" "Huo ni wa kupewa, sijui jina lake." "Basi unaitwa Akonkwa," Neema akasema, na kitanda chote kikacheka. Leo ninapowafundisha wasichana wa mafunzo jinsi kidudu cha nimonia kinavyokaa kooni mwa mtoto mwenye afya, kimya, bila kumdhuru, kikisubiri kifua dhaifu zaidi kukihamia, naweza kusema yote hayo kwa sauti ya kawaida. Lakini ninachokiona wakati ninaongea ni vidole vya Neema na kichwa cha samaki.

Muzee aliugua mara ya kwanza akiwa anakula. Alitetemeka, akacheka, akasema mvua imemwingia mifupani, na kabla sahani haijaondolewa alikuwa amejishika ubavu na uso wake umebadilika rangi. Vijana wa jirani walimteremsha wamemkalisha kwenye kiti, wakishika miguu minne ya kiti na kutafuta ngazi kwa nyayo. Hospitalini walisema pneumonie. Sisi mlimani tulikuwa na neno moja tu, kifua, na neno hilo lilikuwa na uzito wake. Wanawake waliokuwa wanasubiri maji na bidoni zao, madumu ya plastiki, walikuwa na msemo, na waliusema bila kuinua macho: "Mvua inakuya, bazee banaenda." Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mwaka ule, katika ngazi zetu pekee, aliondoka muzee aliyekuwa akicheza kadi na Bisimwa, akaondoka pia mama mmoja aliyekuwa akiwalea wajukuu wengi kuliko sisi. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni mvua inayochagua wazee. Baridi, tulisema. Moshi, njaa, umri. Na yote hayo ni kweli hata leo; sijawahi kuyakana. Bali kulikuwa na kingine ambacho hatukukihesabu, kwa sababu tulikuwa tukikibeba mgongoni na kukibusu.

Akapona. Akarudi kwa miguu yake, akipumzika kila penye ngazi pana, na watoto wakamrukia mlangoni. Baada ya majuma machache Akonkwa akaanza kukohoa, kikohozi cha kitoto kisichomzuia kucheza, na muda mfupi baadaye Muzee alikuwa tena kwenye kiti, anateremshwa. Safari hii alirudi mwembamba. Daktari aliyemruhusu alikuwa kijana, mwenye haraka na mwenye huruma pia, na alimwambia Maman Nabintu jambo ambalo nadhani alilisema kwa nia njema kabisa. Nililisikia nyumbani, mchana, Maman Nabintu alipokuwa akimweleza Zawadi aliyekuwa amekuja kujifungulia mjini. Wao walikuwa ndani, wamekaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa nje nachagua maharage, na Neema alikuwa karibu nami anayatia mawe ya maharage kwenye kopo na kulitikisa kama ngoma.

"Docta anasema ni batoto njo banamuletea kifua," Maman Nabintu alisema. Mbao hazikuzuia hata pumzi yake. "Anasema balale mbali naye. Akipata mara ingine, hatapona."

"Batoto bangu?" Zawadi akauliza. "Bana ugonjwa gani, bangu? Neema iko mugonjwa?"

"Haiko mugonjwa. Docta anasema banaubeba tu. Mu pua, mu mudomo. Bao habana kitu, muzee njo anakufa."

"Basi unataka nibarudishe Kamituga. Sema, maman. Nibarudishe kwenye mashimo, mahali batoto banaokotwa mu matope."

"Sisemi vile."

"Unasema nini basi?"

"Sijue, Zawadi! Sijue nasema nini! Nyumba iko na kitanda kimoja!"

Kopo lilikuwa limenyamaza. Nilipogeuka, Neema alikuwa amekaa wima, amelishika kopo kifuani, anaziangalia mbao zilizokuwa zikiongea. Nilimwambia, "Njoo tuoshe maharage," akaja, akayaosha vizuri sana, jani na jiwe akavitoa vyote, hakuuliza swali hata moja. Tangu siku ile aliacha kuuliza maswali.

Walijaribu kumtenga Muzee. Watoto walihamia chumba cha mbele pamoja na Zawadi na mimi, tukilala kama sambaza kwenye bakuli, na yeye akabaki peke yake kwenye kile kitanda kikubwa ambacho kwa mtu mmoja kilikuwa kama uwanja. Mablanketi hayakutosha pande zote mbili. Alisikia baridi. Alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole, taratibu, ko ko ko, na Akonkwa, ambaye hakuelewa sheria yoyote ya wakubwa, alikuwa akichomoka katikati yetu na kutambaa kwenda kwake. Tulikuwa tukimkuta asubuhi amejikunja kwenye kwapa la babu yake. Maman Nabintu alimtoa akilia, na Muzee alimkasirikia mkewe: "Muache! Munataka nikufe na baridi peke yangu kama umbwa?" Na Maman Nabintu alisimama kati ya milango miwili, mtoto anapiga mateke mikononi mwake, mume anamtukana kutoka kitandani, na nikaona kwamba huyu mwanamke ameombwa achague lile ambalo hakuna mtu anayepaswa kulichagua. Alimrudisha mtoto kitandani. Kesho yake akamtoa tena. Ndivyo tulivyoishi.

Neema peke yake ndiye aliyetii. Alikuwa na njia yake. Kila alipopita mbele ya mlango wa chumba cha nyuma alifunika mdomo na pua kwa mkono wote, vidole vimebana, na kupita haraka. Akipelekwa kumpa Muzee maji, aliweka kikombe chini mlangoni, akakisukuma kwa mguu, mkono mwingine haujatoka mdomoni. Muzee alidhani ni mchezo mwanzoni, naye akafunika mdomo wake, akasubiri acheke. Hakucheka. "Neema, kuya univunjie samaki." Akatikisa kichwa. "Neema, mutoto wangu, nimekukosea nini?" Akakimbia nje. Nilimfuata siku moja nikamkuta nyuma ya choo, anajaribu kuzuia kikohozi kwa kumeza hewa, machozi yanatiririka, uso umevimba kwa nguvu za kujizuia. Nilimkumbatia, nikamwambia siyo kosa lake. Alinisukuma kwa upole, kama mtu mzima anayemhurumia mtoto, akageuza uso wake pembeni asinipumulie.

Ni wakati huo ambapo chanjo mpya ilifika katika kituo nilichokuwa nikifanyia mafunzo. Infirmière mkuu, muuguzi aliyetusimamia, Maman Odette, mwanamke mrefu aliyependa kueleza mambo mpaka yaeleweke, alituambia kwamba kuanzia sasa watoto wachanga, siku ya kupimwa uzito, wangepata shindano moja zaidi, kama tunavyoita sindano, pajani, ya kuwakinga na kifua. Akatuambia pia jambo lililonifanya niache kuandika: kwamba mahali chanjo hiyo ilikotangulia, baada ya muda, hata wazee ambao hawakuchomwa kitu waliugua mara chache zaidi, kwa sababu watoto walikuwa hawakibebi tena kile kidudu kwenda nacho nyumbani. Nilirudi nikipanda ngazi mbili mbili. Nilimweleza Maman Nabintu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nilimwona anakaa chini vizuri. "Basi kesho tunaenda sisi bote," akasema.

Tulikwenda wote. Alimvalisha Muzee koti lake la misa, akawavisha watoto viatu, akampa Zawadi amshike Asifiwe, kichanga kilichokuwa kimezaliwa juma lililotangulia, na tukateremka mlima kama familia inayokwenda kwenye ndoa, tukipumzika kila penye ngazi pana. Akina mama wenye vichanga walitupisha kwa sababu ya Muzee. Maman Nabintu alimsukuma mumewe mbele.

"Maman munganga, huyu njo wa kwanza. Umuchome."

Maman Odette alimtazama Muzee, akanitazama mimi. "Maman, hii ni ya batoto bachanga tu. Ya bazee iko, lakini haifike huku kwetu."

"Haifike?"

"Haifike, maman."

"Basi uchome Neema. Huyu na mudogo wake. Bao njo banalala naye."

"Neema amepita umri. Huyu mudogo pia amepita." Alisema polepole, na niliona kuwa hakupenda kusema. "Shindano zinakuya kwa hesabu ya bachanga. Nikimupatia huyu, kuna mutoto wa mama mwingine atarudi bure. Huyo kichanga wenu, majuma machache bado, mumulete, nitamuchoma mimi mwenyewe. Na batoto bote ba huu mulima bakichomwa, maman, hata bazee batapata nafuu. Polepole. Miaka inapita, utaona."

"Miaka," Maman Nabintu akarudia. Alipiga magoti. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mtu hata chumvi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji yenye maji ya viatu vya watu, akashika pindo la koti jeupe. "Miaka sina. Muzee haina miaka. Uchome huyu musichana, maman, sema tu iko mudogo. Angalia vile iko mwembamba. Nani atajua?"

Neema alikuwa amesimama karibu na mizani. Alikuwa amesikia. Alijikunja, akainamisha mabega, akapiga magoti nusu ndani ya gauni lake ili aonekane mfupi, mkono mmoja mdomoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa, anajaribu kurudi kuwa mtoto mchanga mbele ya watu wote. Maman Odette alimwinua Maman Nabintu kwa mikono miwili, na wote wawili walikuwa wanalia, na hakuchoma. Nimekaa kwenye kiti cha Maman Odette miaka mingi sasa na nimewahi kulazimika kusema maneno yale yale. Simlaumu. Lakini sijapata kusahau jinsi safu nzima ya akina mama walivyobana vichanga vyao, wakiogopa kwamba huruma ingechukua shindano ya mtoto wao.

Tulipofika nyumbani, Muzee alivua koti, akalikunja. "Sasa muache kunitesa," alimwambia mkewe. "Mutoto anataka kulala na mimi, alale. Nilijenga hiki kitanda nikiwa na akili yangu yote." Akonkwa alirudi kitandani siku hiyo, na hakuna aliyemtoa. Maman Nabintu naye alirudi. Alikuwa mzee kama mumewe, lakini alisema kama ni kufa basi watakufa wamepata joto.

Mara ya tatu ilimkuta mvua zikielekea mwisho, na haikusubiri kiti. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka baada ya mvua kubwa, mabati yanatoa mvuke. Alikuwa ameegemezwa kwenye mto wa kulalia, anavuta hewa kwa mabega, kila pumzi ikikata kama msumeno kwenye fundo la mbao. Zawadi alikuwa ameenda kuita vijana. Maman Nabintu alimshika mgongo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake na kuhesabu mapigo kama nilivyofundishwa, kazi isiyomsaidia mtu yeyote. Aligeuza macho kuelekea mlangoni. Neema alikuwa amesimama pale, mikono yote miwili mdomoni sasa, mmoja juu ya mwingine.

"Mumuambie akuye," Muzee alisema.

"Neema, kuya," Maman Nabintu akasema. "Kuya, mama. Koko anakuita. Haina kitu tena, kuya tu."

Akatikisa kichwa.

"Kuya!" Maman Nabintu alipiga kelele, na nadhani kelele ile ndiyo iliyomwogopesha kabisa. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa uani penye jua, bado anatuangalia juu ya vidole vyake. Muzee aliinua mkono wake kutoka mkononi mwangu. Alijaribu kugonga ubao wa ukutani. Mkono haukufika. Vijana walipofika na kiti walikuta hakina kazi.

Kitanda kilibaki, kwa kuwa hakikuwa na jinsi ya kutoka. Majuma yale machache yalipotimia, Maman Nabintu alifunga kitambaa cha msiba, akambeba Asifiwe mwenyewe, akashuka mlima kwenda kumchomesha. Alirudi akarudi tena mpaka shindano zote zikakamilika. Akina mama wa ngazi zetu wakafanya vivyo hivyo, wengine kwa sababu ya redio, wengine kwa sababu walimwona yeye. Zawadi alizaa tena, na tena, na kila kichanga kilichoachwa kwenye kile kitanda kilikuwa kimechomwa. Maman Nabintu alilala katikati yao mvua hadi mvua, akapuliziwa, akakoholewa, akapakwa kamasi, akazeeka, mpaka alipohamia kwa dada yake Nyantende kulima bustani yake ndogo. Kifua hakikumpata. Siwezi kuapa ni kwa nini; mtu mmoja si ushahidi, na ninawakataza wasichana wangu kuongea hivyo. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona nikiwa kazini: kwamba miaka ilipita, kama Maman Odette alivyosema, na mvua zikaja, na wale wanaume wanaoteremshwa kwenye kiti wakapungua, na siku moja nikagundua kuwa sikuwa nimesikia kwa muda mrefu ule msemo wa wanawake wa bidoni. Hakuna aliyepiga vigelegele. Babu ambaye hakufa hana msiba wa kukusanya watu.

Na sasa nasikia tena wazee wanavyokohoa. Tangu vita vifunge njia, frigo yetu ya chanjo hukaa tupu majuma kwa majuma. Vichanga vinakuja, vinapimwa uzito, vinarudi. Kuna watoto wanaofika kutoka Shabunda na kutoka vijiji vilivyokimbiwa ambao hawajachomwa kitu tangu wazaliwe, wanakaribishwa kwa bibi na babu kwa sababu hakuna kwingine, na bibi anawafuta kamasi kwa pembe ya kikwembe. Mwezi huu nimewapokea wazee wawili wa nyumba moja. Nawatibu, naandika, nasema yanayosemwa. Halafu nageuka dirishani.

Neema nilimkuta Nyantende, siku ya mazishi. Sikuwa nimemwona tangu Zawadi alipohama naye. Alikuwa amesimama chini ya migomba, mbali na wanawake waliokaa kwenye mikeka, msichana mrefu mwenye macho yale yale, na mgongoni alikuwa na kichanga ambaye sikujua habari zake. Alinisalimia kwa mikono miwili kama shangazi yake, "Tantine Riziki," kisha akanieleza moja kwa moja, kana kwamba tuliachana jana. Mtoto alipata shindano ya kwanza tu. Alirudi kwa ya pili, hakuna. Akarudi tena, hakuna. Kwa hiyo hakuwahi kumleta kwa bibi yake. Alikuwa akija mpaka hapa penye migomba, anamwinua mtoto juu ili Maman Nabintu amwone kutoka mlangoni. "Alikuwa ananitukana, tantine. Anasema, leta huyo mutoto, mimi nimekula miaka yote, naogopa nini? Alikuwa ananyoosha mikono vile. Sikumupatia. Hata siku moja sikumupatia." Aliniangalia. "Na alikufa na uzee tu. Si na kifua. Sasa niambie, weye uko munganga. Nilifanya muzuri ao nilifanya mubaya? Na ile ya koko Bisimwa, ilikuwa mimi?"

Nilimwambia kwamba ile ya babu yake haikuwa yeye. Kwamba ulikuwa ugonjwa, na kwamba watu wazima ndio walikuwa na deni la kuuzuia, wakachelewa. Hilo nililijua na nililisema vizuri. Kuhusu bibi yake, munganga ndani yangu alitaka kusema ndiyo, ulifanya vizuri. Lakini nilikuwa nimeosha mwili wa Maman Nabintu asubuhi hiyo na kuiona ile mikono.

Wanawake wa mikeka walikuwa wametuona. Dada mkubwa wa marehemu, bibi aliyekunjamana kabisa, mgonjwa wa macho, alianza kuita. "Huyo njo kitukuu ya Nabintu? Mumulete nimushike. Mumulete niguse hata uso yake." Wengine wakadakia, wakanyoosha mikono, mikono mingi, yote ya wazee. Neema alinigeukia mimi. Alisubiri niseme. Nilikuwa na kila neno linalotakiwa, nimelisema mara elfu kwenye kile kiti, na sikulisema. Akafungua kikwembe, akamteremsha mtoto mgongoni, akavuka uwanja na kumweka mikononi mwa yule bibi.

Bibi alimsogeza karibu na macho yake, akamnusa shingoni, akamwita kwa jina la dada yake. Mtoto akakunja uso, akakohoa, kikohozi kidogo kimoja kikavu, na wanawake wote kwenye mikeka wakacheka kwa furaha kwamba ana sauti. Mimi na Neema hatukucheka.